Uzi Alioufunga Payal

Ahadi aliitoa Payal mwenyewe, kwa kinywa chake, wala hapakuwa na mtu aliyemlazimisha. Alimwambia Musembi kwenye simu, "Jumamosi njoo Gede. Binamu zangu wa Nairobi wanataka kuona magofu. Nitawaambia wewe ni nani kwangu. Tukianza na hao, kwa Papa itakuwa rahisi."

Musembi akauliza, "Utasema kweli, ama utaniambia tena nisubiri?"

Naye akaapa. Ndiyo, aliapa! Ungemsikia siku hiyo ungedhani huyu ni simba jike.

Sasa mtazameni simba mwenyewe. Ameketi kiti cha nyuma cha gari la Keyur, wameshaacha barabara kuu ya Mombasa wanaingia Gede, na viganja vimelowa jasho, na Agosti wala si mwezi wa joto. Kando yake alikuwa Trizah, rafiki yake tangu shule ya msingi, mtu pekee aliyeijua siri. Trizah alimfinya paja kumtia moyo. Payal akatazama nje.

Alikuwa binti wa pekee wa Deepak, huyo Papa wake, mwenye duka la leso na vitambaa mjini Malindi, duka ambalo mpaka leo watu huliita kwa Jamnadas, jina la babu yake. Mama yake alifariki yeye akiwa bado hajaanza shule, akalelewa na bibi yake, Motiben, ambaye nyumba nzima humwita Ba. Na asubuhi hiyo ilikuwa sikukuu yao ya Kihindi, Rakhi. Siku hiyo dada humfunga kaka yake uzi wa rangi mkononi, humlisha kitu kitamu, na kaka naye humpa dada zawadi na kuahidi kumlinda. Payal hana kaka wa tumbo moja, kwa hiyo kila mwaka humfunga Keyur, mtoto wa ami yake. Pinal, dada yake Keyur, naye alikuwa amemfunga wake. Keyur aliendesha gari akiringa na nyuzi zake mbili kama bwana harusi.

Sikukuu ingekuwa njema kabisa, kama si maneno ya Deepak wakati wa chai. Ba alikuwa anakata barfi, ile halua yao ya maziwa, na mazungumzo yakafika kwa familia moja ya Mombasa ambayo binti yao ameolewa na mtu ambaye, kwa maneno ya Deepak, si wa kwetu.

"Baba yake siku hizi akiulizwa ana watoto wangapi anasema wawili," Deepak alisema, akipuliza chai yake. "Alikuwa na watatu."

Hakumtazama Payal aliposema hivyo. Hakuwa na sababu ya kumtazama, hakujua kitu. Lakini Payal aliyameza maneno hayo pamoja na barfi, na mpaka wanafika Gede yalikuwa bado yamemkwama kooni.

Musembi alikuwa amekwisha kufika. Alisimama langoni na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikawa kama imechorwa, na begani amening'iniza mfuko. Alifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Watamu, na alikuwa ameomba zamu yake isogezwe mpaka alasiri kwa ajili ya saa hizi chache. Alipomwona Payal akishuka garini, uso wake wote ulicheka kabla ya mdomo. Jamani, kuna watu hawajui kuficha! Payal alihisi moyo ukimpanda, akataka kukimbia ampokee, akataka kurudi garini afunge mlango, yote kwa pamoja.

"Hamjambo," Musembi alisema. "Karibuni Gede."

"Sasa boss," Keyur alijibu, akamtazama lile shati jeupe juu mpaka chini. "Wewe ndiye wa kututembeza? Poa sana. Shika hii basi." Akamkabidhi mfuko wa maji na ndizi.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi. Neno moja tu lilitakiwa. Musembi alishika mfuko, akamgeukia Payal akingoja, na Trizah naye akamgeukia Payal akingoja.

"Twendeni," Payal alisema, "kabla jua halijawa kali."

Wakaingia. Njia ilipita chini ya miti mikubwa, mizizi yake imekaa juu ya kuta za mawe kama watu waliochoka kusimama, na kima walikuwa wakiruka toka ukuta hadi ukuta. Pinal alipiga picha kila kitu. Alikuwa msichana mchangamfu, mwenye maneno mengi yasiyo na ubaya.

"Mwaka jana tulikuwa Italia, huko kusini," alimwambia Musembi. "Mji mzima wa magofu, ukienda huku ni nguzo, ukienda huku ni nguzo, na jua linakuchoma utosi mpaka unajuta. Lakini hapa! Hapa kuna kivuli."

"Wageni wetu Waitaliano husema hivyo hivyo," Musembi alisema. "Husema kwao magofu yana watu wengi mno, huwezi hata kusikia unachofikiri."

"Kwani wewe si wa hapa Gede?"

"Hapana, mimi niko hoteli Watamu. Hapa nimekuja…" Akamtupia Payal jicho. "Nimekuja kutembea tu."

Trizah alimvuta Payal nyuma. "Unangoja nini?"

"Nangoja tufike pahali pazuri."

"Pahali pazuri! Payal, wewe!"

Walifika kwenye kasri. Na hapo, kwenye ukuta wa ua ule uliozama, ndipo miaka miwili iliyopita walipokaa na marafiki wengine waliosoma nao shule, siku ya kukumbushana, na wenzao walipokwenda kupanda juu ya mti kutazama msitu, wao wawili walibaki. Musembi alikuwa amemenya ndizi, akazitoa nyuzi zake moja moja, kwa sababu tangu darasani alijua Payal hali ndizi yenye nyuzi. Akampa, na Payal akasema, "Wewe unanijua kuliko watu wa nyumbani." Kila kitu kilianzia hapo.

Leo tena Musembi alikaa pale pale. Bila kufikiri, mikono ikifanya kwa mazoea, alichukua ndizi kwenye mfuko, akaimenya, akatoa nyuzi moja moja, akamnyooshea Payal. Payal naye, kwa mazoea yale yale, akaipokea.

Kima mmoja aliruka kutoka ukutani, akampokonya Payal ndizi mkononi, akanyakua na mfuko mzima. Musembi akainuka mbio kumfukuza, wakapotelea nyuma ya kuta, na Pinal akacheka mpaka akakaa chini. Keyur hakucheka.

"Payal," alisema. "Huyu alijuaje kwamba huli ndizi yenye nyuzi?"

"Ah, si… anajua tu."

"Mimi ni kaka yako na sijui."

"Tumesoma pamoja, Keyur."

"Mimi pia nimesoma na wasichana. Simenyei mtu ndizi." Sasa uso wake ulikuwa umefanana na wa Deepak, nyusi zile zile, midomo ile ile. "Kuna nini hapa? Niambie mimi kabla ami hajaniuliza, maana ni mimi niliyekutoa nyumbani."

Anasema wawili. Alikuwa na watatu. Payal alisikia sauti ya baba yake wazi kabisa, pamoja na kile kikombe kikirudi kwenye kisahani.

"Hakuna kitu!" alisema, na kicheko chake kilitoka chembamba. "Musembi ni kama kaka yangu."

"Kama kaka?" Pinal alidakia, akipangusa machozi ya kicheko. "Basi leo si ndiyo siku yake! Ngoja, ngoja." Akafukua mkobani. Pakiti aliyonunua ilikuwa ya rakhi mbili, na moja ilikuwa imebaki, uzi mwekundu wenye ushanga wa dhahabu katikati. "Mfunge. Hata barfi ya Ba ninayo."

"Pinal, wacha mchezo," Trizah alisema upesi. Alikuwa amekulia mlango wa pili na akina Payal, aliujua uzi ule na maana yake.

"Mchezo gani? Ni jambo zuri."

"Ndiyo," Keyur alisema polepole, macho hayambanduki Payal. "Kama ni kaka, mfunge."

Musembi alirudi akihema, mfuko mkononi, shati limechafuka begani. Akawakuta wote wamesimama wakimtazama.

"Nyoosha mkono," Pinal alimwambia kwa furaha. "Wa kulia. Payal ana kitu chako."

Musembi alimtazama Payal, akauona uzi, akawaona binamu wawili wamesimama kandokando kama mashahidi. Na akaelewa vile ambavyo mtu yeyote mwenye kupenda angeelewa. Alifikiri, masikini, ameshasema. Nimekwenda kumfukuza kima, nyuma huku mpenzi wangu ameshasema! Macho yake yakajaa maji. Alinyoosha mkono wa kulia.

Payal aliyaona yale macho. Aliyaona vizuri, tusimtetee. Uzi ulikuwa mwepesi kabisa, na vidole vyake vilikuwa vizito, fundo la kwanza likateleza. Angeweza kuacha hapo. Akafunga la pili. Kisha Pinal akamsukumia kipande cha barfi, naye akamlisha Musembi kwa mkono wake mwenyewe, na Musembi akatafuna akiwa anacheka na kulia.

"Payal," alisema kwa sauti ya chini, "sikutegemea. Wallahi sikutegemea." Musembi ni Mkamba wa kanisani, lakini amezaliwa Malindi na kiapo chake ni cha Malindi. "Na mimi sikuja mikono mitupu."

Akafungua mfuko wake wa begani, akatoa kiondo. Kilikuwa kidogo, kimesukwa kwa mkono, nyuzi zake zimebanana hata maji yasingepenya kwa haraka, na katikati kina mzunguko wa bluu. Ndani yake mlijaa mbaazi mbichi za maganda.

"Mama amekusukia. Mbaazi ni za shamba lake, amesema kiondo hakitolewi kitupu."

Pinal akapiga makofi. "Hata zawadi alikuja nayo! Keyur, umeona? Huyu ni kaka kamili!"

"Kaka?" Musembi akauliza, bado anatabasamu.

"Eeh, si ndiyo Rakhi! Ukifungwa huo uzi wewe ni kaka yake. Yeye ni dada yako, utamlinda maisha yako yote. Kule India wasichana hufanya makusudi kabisa, kijana akiwasumbua wanamfunga hii, basi, kesi imekwisha, huwezi tena kumtaka!" Pinal alicheka peke yake. Alitazama huku na huku kuona kwa nini hakuna anayemsaidia kucheka.

Tabasamu la Musembi halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kidogo, halina pa kwenda.

"Payal?" alisema.

Payal alitazama mawe. Uso ulimwaka, masikio yakamwaka, hata shingo. Alisikia Keyur akivuta pumzi kando yake.

"Ndiyo," alijibu. "Asante… kaka."

Kima walikuwa wakipiga kelele mitini. Musembi alikishika kiondo kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu, akamkabidhi.

"Shika, dada," alisema.

Kisha, na hili ndilo lililommaliza Payal kabisa, Musembi hakukasirika. Aliwatembeza mpaka mwisho. Aliwaonyesha msikiti mkuu, akamshika Pinal mkono kwenye ngazi zilizovunjika, akampiga Keyur picha kwenye kaburi la mnara. Alijibu kila alichoulizwa. Payal alitembea nyuma, kiondo kifuani, na Trizah alitembea kando yake bila kumsemesha. Waliposimama kusoma kibao, ndipo Trizah alipofungua mdomo.

"Mimi ni rafiki yako na nitabaki rafiki yako," alisema. "Lakini leo sitaki kukutazama usoni."

Musembi alipoaga, alielekea kwenye kisima cha zamani kilicho karibu na lango ili asafishe shati kwenye bomba lililo hapo. Payal aliwaambia wenzake amesahau kitu, akamfuata mbio.

"Musembi, nisikilize."

"Nakusikiliza, dada."

"Usiniite hivyo!"

"Nikuiteje? Umenipa jina mbele ya watu wako, nami nimelipokea." Alikuwa akisugua bega la shati. Uzi mwekundu ulikuwa umelowa.

"Niliogopa. Keyur alinitazama vile vile kama Papa. Nilikuwa nataka kusema, maneno yakageuka mdomoni. Sikukusudia…"

"Kuogopa si tatizo. Hata mimi namwogopa baba yako. Nikipita pale dukani navuka barabara." Alifunga bomba, akageuka. "Ungesema mimi ni mtembeza wageni, ningenyamaza, si nilinyamaza langoni? Ungesema hata hunijui, ningekwenda zangu nikalie Watamu. Lakini ulinishika mkono, Payal. Ukanilisha. Na mimi nikafurahi. Mtu mzima, nimetoa machozi mbele ya watu kwa furaha, na wewe unajua ni ya bure. Uliniona nikifurahi, ukaendelea kufunga fundo."

Payal alimsogelea. Alitamani ardhi ipasuke, kisima kile kimmeze, chochote. "Lete mkono," alisema akilia. "Lete niufungue. Tafadhali."

Alinyoosha vidole. Musembi akarudisha mkono nyuma.

"Hapa? Tuko wawili, tumejificha nyuma ya kisima? Miaka miwili tumejificha, Payal. Nimechoka. Ulinifunga mbele ya watu wako. Ukitaka kunifungua, nifungue mbele yao. Usipotaka, basi utakaa hapa hapa mpaka ukatike wenyewe, nami nitakuwa kaka yako. Nitakulinda, kama alivyosema mwenzio."

"Na mama yako? Utamwambia nini?"

Hapo sauti ya Musembi ikakwaruza. "Amesuka tangu Pasaka. Macho yenyewe hayaoni vizuri, anasuka amekaa mlangoni ili apate mwanga. Kila mara aliniuliza, mkwe wangu anapenda rangi gani? Mara ngapi nimekuomba uje Maweni umsalimie tu? Sijui nitamwambia nini. Pengine nitamwambia amepata binti." Akaondoka kutafuta bodaboda ya kumrudisha Watamu, na hakugeuka nyuma.

Njiani kurudi Malindi Keyur aliwasha redio, akaizima. Pinal, ambaye kichwa chake si kizito hata kidogo, aliketi akimtazama Payal kwenye kioo, na kila akimtazama ndipo anazidi kuelewa. Walipopita uwanja wa ndege akasema kwa sauti ndogo, "Payal, ule uzi…" Payal akatikisa kichwa, na Pinal akaziba mdomo kwa mkono. Trizah, waliyemshusha kwanza, alishuka bila kwaheri, kisha akarudi dirishani akamgusa Payal shavu, akaenda zake.

Dukani kwa Jamnadas kulikuwa hakuna wateja, saa ya jua kali watu wamelala. Deepak alikuwa akikunja majora ya vitambaa nyuma ya meza. Ba alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote karibu na mlango wa ndani. Alikiona kiondo kabla hajaona watu. Motiben ana udhaifu mmoja duniani, nao ni mbaazi mbichi.

"Lete, lete," alisema, akikivuta mapajani. Akapasua ganda moja, akatia punje mdomoni, akafumba macho. "Hizi si za sokoni. Zimechumwa leo." Akachukua sinia, akaanza kumenya, vidole vyake vyembamba vikienda upesi. "Na kiondo hiki! Tazama kilivyobanwa. Huyu aliyesuka ana mkono. Nani kakupa?"

Keyur alikohoa. "Ni zawadi ya Rakhi, Ba," alisema. "Kuna kijana huko, Payal alimfunga, wamesoma wote. Ni kama kaka."

"Vizuri," alisema Deepak bila kuinua kichwa. "Watu wajue mipaka yao."

Payal alikuwa amesimama katikati ya duka. Tangu asubuhi aibu ilikuwa imempanda na kumshuka, na kila mara alidhani ni aibu ya kumpenda Musembi. Sasa, akitazama vidole vya bibi yake vikimenya mbaazi zile, akamwona mwanamke mwingine, asiyeona vizuri, amekaa mlangoni akitafuta mwanga, akisuka bluu kwa sababu kuna msichana fulani anapenda bluu. Aibu yake halisi ilikuwa pale. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba ile nyingine haikuwa na nafasi tena.

"Si kama kaka," alisema.

"Payal," Keyur alimwonya.

"Ba, umeuliza nani kanipa. Nimepewa na mama mkwe wangu."

Jora la kitambaa lilimponyoka Deepak likakunjuka mpaka sakafuni. Ba aliacha kumenya.

"Sema tena," Deepak alisema.

"Mama mkwe wangu, Papa. Mama wa mtu ninayempenda, miaka miwili sasa. Keyur aliponiuliza nikaona haya, nikamfunga mwenzangu rakhi huku anacheka. Nimemfanyia kitu kibaya ambacho sijawahi kumfanyia mtu. Nitaufungua ule uzi. Mkitaka muwepo, mkikataa nitaufungua barabarani, popote, lakini nitaufungua mbele ya watu."

"Hutafungua kitu. Hutatoka humu." Deepak alikuwa amepauka midomo. "Unajua watu watasema nini? Unajua watasema Deepak ana watoto wangapi?"

"Unaye mmoja, Papa," Payal alisema akilia. "Hesabu yako haina pa kupungua."

Nje tuktuki ilipita. Ba alikuwa bado ameshika ganda moja mkononi, hajalipasua.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Musembi, Ba."

"Sijakuuliza mwanamume. Huyu aliyesuka, anaitwa nani?"

"Mama Musembi."

"Hilo ni jina la mtoto. Lake yeye."

Payal alifungua mdomo. Akatafuta kichwani, miaka miwili yote, simu zote, matembezi yote, akakuta hana. Hakuwahi kuuliza.

"Sijui, Ba."

"Anakaa wapi?"

"Maweni."

"Maweni hapo tu? Na hujawahi kwenda?"

"Sijawahi."

Motiben alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, na katika siku ile nzima Payal hakuona jicho lililomchoma kama lile. Kisha Ba akazirudisha mbaazi alizomenya upande mmoja wa sinia, akaifunika kwa kitambaa, akamsukumia Payal kiondo kitupu.

"Mimi sipiki mbaazi za mtu nisiyemjua jina," alisema. "Nenda ukaniulizie."

"Ba!" Deepak alipiga kelele.

"Sijakubali kitu, Deepak. Nimeulizia jina tu."

Pinal alikuwa ameshaanza kuvaa viatu. "Nakuja," alisema. "Uzi niliutoa mimi. Tukitoka Maweni tutamngoja atoke kazini, na nitakuwepo ukifunguliwa."

Payal alivuta barfi za asubuhi zilizobaki kwenye sahani ya mezani, akazitia kiondoni, maana hata yeye alijua hakirudi kitupu, akakivaa begani, mzunguko wa bluu ukitazama nje. Baba yake alisema, "Payal, ukivuka hapo…" na hakuyamaliza maneno yake. Payal alimwinamia, akamgusa miguu kama alivyofundishwa, akavuka.

Watu wa duka la pili walikuwa wametoka kusikiliza. Muuza maji alikuwa amesimamisha mkokoteni. Mtaa wote ambao kwa miaka miwili alikuwa akiuogopa ulikuwa pale, umekodoa macho. Payal aliinua mkono akasimamisha tuktuki, na kwa sauti iliyofika mpaka ndani ya duka la Jamnadas akamwambia dereva:

"Maweni! Nipeleke nyumbani kwa kina Musembi!"